Kiraka cha Kwemtindi

Jibu la kwanza lilitoka Soni, la pili likatoka Bumbuli, na yote mawili yalikuwa na neno moja tu: Sababu?

Bi Sikudhani Mhina aliyasoma akiwa amesimama, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Alikuwa mhariri wa Kurunzi, gazeti la watu wa milimani ambalo halikuwa limegusa karatasi tangu yeye msichana, ila watu walizoea kuliita gazeti na hakuna aliyeona haja ya kulitafutia jina jingine. Likaja jibu la Mlalo. Likaja la Mponde. Sababu? Sababu? Kila baraza lilikuwa linaukataa ujumbe wake, tena kwa adabu, kama mgeni anayerudisha sahani ya chakula asichokiamini.

"Si nilikwambia?" alisema Hemedi Shemzigwa, fundi wa mitambo wa Kurunzi, mtu mzima mnene aliyekuwa akizungumza polepole hata nyumba ikiwaka moto. "Kiraka bila sababu hawakipokei. Na kanuni hiyo aliipigania nani, dada? Si wewe mwenyewe?"

Ilikuwa kweli tupu. Katika mtandao wa mabaraza habari ikishatoka haifutiki. Nakala yake inakwenda kukaa ndani ya kila kasha, mtambo unaotunza habari za baraza, na kila kasha lina wenyewe, kijiji hiki na mtaa ule, na hakuna mkono unaofika kwenye makasha yote. Ukikosea, unachoweza ni kushonea kiraka: masahihisho yanayoandamana na habari yako kila itakapofunguliwa, leo na hata wajukuu watakapokuwa wazee. Miaka ya mwanzo viraka vilipokelewa bila maswali, na wenye fedha wakawa wanavinunua kama maandazi. Mwenye kiwanda akisemwa kwamba anamwaga sumu mtoni, kesho yake kinatokea kiraka, "habari hii si kweli", basi, imekwisha. Sikudhani ndiye aliyesimama mbele ya mkutano wa mabaraza akasema mpaka sauti ikamkauka, kwamba kiraka kisichotaja sababu kisipokelewe, hata kama kimetumwa na nani. Walimpigia makofi siku ile.

Sasa kanuni ilikuwa imemkaba yeye.

Habari yenyewe aliiandika juzi, kwa mkono wake. Mtoto wa miaka minne, Mwasiti, wa kijiji cha Kwemtindi, alikufa baada ya kunyweshwa dawa kwenye zahanati ya pale. Mjomba wa mtoto alimpigia huku analia, akamtaja tabibu, Ambokile, mtu aliyetoka Mbeya huko, mgeni wa watu. Sikudhani alimpigia tabibu mara moja, hakupokea. Kwenye mabaraza ya jirani maneno yalikuwa yameshaanza kuvuma. Watu wa habari wana ugonjwa huu, wanaogopa kupitwa kuliko wanavyoogopa kukosea. Akaandika kwamba dawa ilikuwa mbovu, akaweka jina la tabibu, akapiga muhuri. Alijiambia kwamba kukiwa na kosa atarekebisha, kama ambavyo magazeti yamerekebisha siku zote.

Asubuhi hii rafiki yake wa maabara ya mkoa alimsomea majibu kwa kunong'ona, kwa sababu hakutakiwa kumsomea. Dawa ya zahanati ilikuwa nzima. Tumboni mwa mtoto kulikuwa na dawa ya kabichi, ile wanayopulizia wadudu shambani, na dawa hiyohiyo ilikuwa kwenye chupa ya juisi ya embe iliyotoka nyumbani kwao. Tabibu mwenyewe ndiye aliyeipeleka chupa ile maabara, kimya kimya, pasipo kumwambia mtu anachoshuku. Hakutaka kumtaja mama wa watu kabla ya uthibitisho. Yeye alingoja. Sikudhani alipolifikiria hilo alihisi aibu mwili mzima.

"Basi iweke hiyo sababu," alisema Hemedi. "Unayo hapo."

"Hemedi, unajua inamtaja nani."

"Usiweke jina."

"Nikiandika 'chupa ya nyumbani', pale Kwemtindi nani atashindwa kujua? Mama yake ndiye aliyeko nyumbani. Nitakuwa nimewaambia, kwenye matanga ya mtoto, kwamba mama ndiye aliyemuua. Na haitatoka. Haitatoka milele."

Redio ya kuwasiliana na zahanati ililia mezani. Ilikuwa laini ya serikali, ya pekee iliyokuwa bado inafika Kwemtindi, kwa sababu simu zote nyingine za kijijini hupitia kwenye kasha. Sauti ya Ambokile ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuongea kawaida.

"Mama, naomba uifute ile habari."

"Haifutiki, tabibu."

"Basi andika kitu. Kuna wanaume wamekaa hapo barabarani tangu alfajiri. Hawatukani, hawarushi mawe, wamekaa tu. Mke wangu amewapelekea maji, hawakuyanywa. Wanangoja matanga yaanuliwe, na yanaanuliwa leo alasiri."

"Polisi?"

"Gari lao limezuiwa na maporomoko ya udongo Mlalo. Wamesema watakuja. Mama, barabara ya kutokea hapa ni moja, na ndiyo waliyoikalia."

Laini ilipokatika Hemedi alikuwa anatazama ramani ya mabaraza ukutani, ambako nukta za kijani zilikuwa zinapepesa zote isipokuwa moja.

"Hata ukiweka sababu," alisema, "Kwemtindi haitaingia. Kasha lao limefunikwa."

Desturi hii haikuwa imeandikwa kwenye kanuni yoyote. Mafundi waliolitengeneza kasha hawakuiwaza kamwe. Walioianzisha ni wanawake wa milimani: msiba ukiingia, mtunza kasha analitupia kanga juu, anafunga mlango wa kupokea, na mpaka matanga yaanuliwe hakuna la nje linaloingia. Watu wasije wakasoma matokeo ya mpira na bei ya viazi wakati marehemu hajapoa. Kioo cha nje tu ndicho huachwa kinawaka, na kinaonyesha kilichokuwemo mwisho.

"Na cha mwisho ni kipi?" Sikudhani aliuliza, ingawa alijua.

"Ni habari yako. Iliingia, muda si muda likafunikwa. Mapema kweli, hata kuzika walikuwa hawajazika." Hemedi alikuna kidevu. "Siku tatu kila anayekuja kuhani anasoma hiyo moja."

Sikudhani alichukua kofia ya pikipiki.

*

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami. Pikipiki ya umeme haina kelele, na kwa hiyo alisikia kila kitu njiani: maji mtaroni, shoka la mtu asiyeonekana, pampu za kupulizia zikifyonza na kutema kwenye mashamba ya kabichi pande zote mbili. Alikuwa ameisikia sauti hiyo maisha yake yote. Leo aliongeza mwendo kuikimbia.

Alikuwa anawaza jinsi walivyofika hapa. Zamani milima yote ilisomea habari kwenye mtandao wa kampuni moja ya ng'ambo, na mambo yalikuwa mepesi. Kisha siku moja kampuni ikaona kwamba watu wa huku hawaipatii faida ya maana, ikazima mitambo yake. Haikutuma hata salamu. Kazi yote ya Kurunzi, tangu lianzishwe, picha za harusi za watu, sauti za wazee waliokwisha kufa, matangazo ya vifo, vyote vilitoweka kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa. Sikudhani alikuwa mwandishi mchanga. Alimwona mhariri wake, mtu mzima na mvi zake, amekaa chini sakafuni analia bila kujificha. Ndipo wakaapa kwamba hawataweka tena kumbukumbu zao mahali ambapo mtu mmoja anaweza kubonyeza kitufe. Wakajenga makasha. Kila baraza na lake, kila habari na nakala kila mahali. Walikuwa wameteseka kwa kusahauliwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa akafikiria mateso ya kutosahauliwa.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji aliwaona wale wanaume aliowataja Ambokile. Walikuwa wameketi kwenye ukingo wa barabara, majembe na mapanga yamelazwa majanini pembeni yao, kama watu wanaopumzika kutoka shamba. Hakuna aliyemzuia. Mmoja alimwitikia salamu.

*

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kwenye paa la nyumba ya wafiwa hadi kwenye mti wa plamu, na chini yake wanaume walikaa mikekani. Kioo cha baraza kilikuwa ukutani kando ya dirisha, kinawaka. MTOTO AFA KWA DAWA MBOVU YA ZAHANATI. Chini yake jina la Ambokile, na chini kabisa muhuri wa Kurunzi, taa ndogo iliyowashwa. Sikudhani alikuwa amejivunia muhuri ule kwa miaka. Alipita mbele yake ameinamisha kichwa.

"Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa," waliitikia.

Aliyesimama kumpokea alikuwa Semboja, yule mjomba wa marehemu, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umekuja mwenyewe. Mungu akulipe. Bila nyinyi tungeambiwa ni kazi ya Mungu, tukanyamaza."

"Semboja, nataka kuongea nanyi kuhusu ile habari."

"Tukishaanua tutaongea. Dua haiko mbali. Halafu tuna safari fupi." Alisema "safari fupi" kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomtisha.

"Tabibu hana kosa."

Mikono ikamwachia. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba analo."

"Nilikosea."

"Juzi ulikuwa na uhakika, leo umekosea. Nani kakupitia njiani?" Wanaume wawili watatu waliinua vichwa. "Nionyeshe kwenye kioo, shangazi. Maneno ya mdomo hata mimi ninayo."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Aliingia ndani kwa wanawake, akapokea kikombe cha chai ya tangawizi, akamuulizia mama wa marehemu. Walimwonyesha chumba cha uani.

Namkunda alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso umemvimba. Yeye ndiye mama wa Mwasiti, na yeye ndiye mtunza kasha wa Kwemtindi. Kasha lilikuwa pale pale kichwani kwake, kanga nyekundu juu yake, likivuma kwa chini. Mwanamke aliyekuwa anamkanda miguu aliinuka akawapisha.

"Wewe ndiye wa Kurunzi," Namkunda alisema.

"Ndiye mimi. Pole, mdogo wangu. Pole sana."

"Maabara wamesemaje?"

Sikudhani alikuwa hajataja maabara. Aliweka kikombe sakafuni taratibu, akaikumbuka kauli ya Hemedi, kwamba kasha lilifunikwa hata kuzika hawajazika, na akaelewa kwa nini lilifunikwa mapema.

"Umeshajua," alisema.

Namkunda aliinuka akakaa. Hakulia. Alikuwa amemaliza machozi au alikuwa anaogopa kuyaanza.

"Ile chupa niliiweka juu ya kabati. Juu kabisa, dada. Alipandia kiti. Alipoanza kutapika nikajua ni tumbo tu, nikambeba mbio kwa tabibu, na chupa nimeitia kikapuni mwenyewe nikidhani ni ile nyingine ya juisi. Niliiona mkononi mwa tabibu. Alifungua, akanusa, akanitazama, akaiweka kando, nikajua itakwenda kupimwa. Yule mtu hakusema kitu." Alijifunika mdomo kwa kiganja. "Dukani wanapima. Ukitaka dawa ya kabichi unakwenda na chupa yako. Nani ana chupa nyingine? Ingia nyumba yoyote hapa kijijini, nenda Mlalo, nenda kokote, utaikuta. Wote tunafanya hivyo. Mbona mimi tu?"

"Namkunda, watu wanamngoja barabarani."

"Sikumtuma mtu kumuua."

"Wala hukumzuia mtu."

Hilo lilimpata. Nje sauti ya mwalimu wa madrasa ilianza kusoma, na sauti za wanaume zikamfuata.

"Ukiandika," Namkunda alisema, "mume wangu atasoma. Yuko pale nje, tangu juzi hajanyanyua kichwa. Mama mkwe wangu atasoma. Wanangu wawili waliobaki ni wadogo, bado hawajajua kusoma, lakini watajua. Siku moja watafungua wamtafute dada yao, watanikuta mimi. Wewe ni mtu wa haya mambo, niambie. Ipo namna ya kuiandika ikakaa mwaka mmoja, halafu ikaondoka?"

"Hakuna."

"Hamkufikiria?"

"Hatukufikiria."

Namkunda alimshika Sikudhani ukingo wa kanga aliyojitanda. "Basi sema kitu kingine. Wewe unajua kuandika. Sema chochote kinachomwokoa yule baba, mimi niache. Nitakaa na hili peke yangu mpaka nife, naapa, ila nisilikute limeandikwa."

Sikudhani alifumba macho. Akiandika ukweli, mtu mmoja ataokoka na mwanamke huyu atazikwa mzima. Asipoandika, Ambokile atakufa kwa mapanga ya watu wapole. Na kulikuwa na njia ya tatu, iliyokuwa inamtazama tangu alipokanyaga kizingiti, chafu, rahisi, inayomgharimu yeye zaidi ya wengine. Kosa la kwanza si lilikuwa lake? Nje waliitikia "amin" kwa pamoja, na mikeka ikaanza kuchakacha chini ya miguu ya watu wanaosimama.

"Funua," alisema.

Namkunda aliivuta kanga. Taa ya kupokea ikawaka. Sikudhani alipiga magoti mbele ya kasha akaandika haraka, kama aliyewahi kuandika habari nyingi mvua ikimnyeshea. Habari hii si kweli. Sababu: Dawa ya zahanati imepimwa na ni nzima. Neno "mbovu" nililitunga mimi, mhariri, ili habari isomwe na watu wengi. Tabibu hana kosa lolote. Mtoto alifariki kwa homa ya tumbo iliyomzidi.

Sentensi ile ya mwisho aliitazama kidogo. Kisha akabonyeza kidole gumba, muhuri ukakubali. Baadaye wapo walioiita huruma na wapo walioiita woga. Yeye mwenyewe hakuweza kuvitenganisha.

Kwenye kioo cha nje kiraka kilitokea kwa rangi yake ya udongo juu ya kichwa cha habari. Semboja ndiye aliyekisoma kwa sauti, neno kwa neno, panga likiwa limeshikwa mkononi upande wa bapa. "Ili habari isomwe," alirudia. Aligeuka akamtafuta Sikudhani mlangoni.

"Mimi nilikupigia nikilia," alisema. "Nilikupigia nikilia, ukaona ni biashara?"

Jibu lolote la kweli lingemvua nguo mwanamke aliyekuwa nyuma ya Sikudhani. Mama mmoja alikichukua kikombe cha chai alichokuwa amempa, akamwaga chai iliyobaki chini, akakifunika kifudifudi. Wanaume walianza kurudi mmoja mmoja kutoka barabarani. Walipita wakitazama pembeni, wameona haya, mapanga wameyabana kwapani kama miavuli.

Mume wa Namkunda alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anamtazama mke wake dirishani, kwa macho ya mtu aliyetuliwa mzigo. Homa ya tumbo. Kazi ya Mungu.

*

Mabaraza hayana hasira ya kelele. Soni walifunga mlango wao kwa Kurunzi kesho yake, wakaandika sababu, kama kanuni ilivyotaka: mhariri amekiri kutunga. Mlalo wakafuata, na Bumbuli, na mengine yote, mpaka ramani ya ukutani ikabaki na nukta za kijani zinazopepeseana zenyewe kwa zenyewe, na Kurunzi pembeni, kijivu. Hemedi alikaa mwezi mzima kwa ajili ya urafiki, kisha akapata kazi kwenye baraza la Soni. Sikudhani alibaki na ofisi, meza na birika.

Ambokile alipita siku alipokuwa anahama. Mke wake alibaki kwenye gari na mizigo. Yeye aliingia, akavua kofia.

"Nilikuja kusema asante. Uliniokoa."

"Nilikuponza kwanza."

"Hilo nalo." Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, na hakuonekana kama amekuja kugombana. "Mtoto hakufa kwa homa, mama. Unajua, na mimi najua. Mimi nina kiapo kinachonifunga nisitoe siri ya mgonjwa. Wewe kilikufunga nini?"

Akavaa kofia akaenda zake. Sikudhani alikaa na swali hilo masika yote. Kila alipopita kwenye duka la pembejeo aliona foleni, na mikononi mwa watu chupa za juisi, chupa za soda, chupa za maji ya kunywa.

Habari ya kifo cha mtoto wa pili aliletewa na Hemedi, aliyekuja kwa miguu kutoka Soni na hakutaka kukaa. Ilikuwa Kwemkole, bonde la chini. Mvulana wa miaka mitatu, jina lake Hoza. Chupa ya juisi ya embe.

"Andika sasa," Hemedi alisema. "Andika waziwazi, watu wazimwage hizo chupa."

Aliandika. Aliandika yote, la Hoza na la Mwasiti na uongo wa homa ya tumbo, bila kujihurumia, akapiga muhuri akatuma. Majibu yalirudi kabla hajaondoa mkono. Kurunzi hatulipokei. Kurunzi hatulipokei. Jibu la Kwemkole, kwa wafiwa wenyewe, halikurudi kabisa. Kasha lao lilikuwa limefunikwa.

"Wewe je?" alimuuliza Hemedi. "Watakuamini wewe?"

"Mimi nitasema nimesikia kwa nani? Kwako?"

*

Kwemtindi kulikuwa na jua siku hiyo. Namkunda alikuwa uani akisugua sufuria kwa mchanga, amekonda, kitambaa kichwani. Watoto wake wawili walikuwa wanafukuzana kuzunguka nyumba. Aliposikia hatua aliinua uso, akamwona Sikudhani, na mchanga ukaanza kumdondoka kutoka viganjani.

"Mtoto wa nani?" aliuliza.

Sikudhani alimwambia. Alimtajia kijiji, umri na jina.

Namkunda alisimama, akanawa mikono, akaikausha kwa kanga yake kidole kimoja kimoja. Aliwaita watoto akawapeleka kwa jirani. Kisha akaingia chumba cha uani, akaketi mbele ya kasha, na Sikudhani akaketi kando yake.

"Wewe hawakupokei."

"Hawanipokei."

"Mimi watanipokea. Mtunza kasha hakataliwi." Aligusa herufi moja, akaifuta. Akasogea. "Andika wewe. Nitabonyeza mimi."

"Nianze vipi?"

"Anza na jina langu. Lote, mpaka la baba."

Sikudhani aliandika. Jina lilikaa kwenye kioo peke yake, halijasemwa lolote bado, jina la mwanamke yeyote. Nje watoto walikuwa wanacheka kwa jirani. Namkunda aliwasikiliza mpaka kicheko kikaisha, kisha akafumba macho.

"Sasa weka sababu," alisema.